Vidole vya Mama Uji

Kiwandani wanamwita Mama Uji, na mtoto hana. Ni binti yangu wa pili. Kazi yake ni kupika wanga unaotiwa kwenye rojo la karatasi ili karatasi iwe ngumu. Sufuria yake ni tangi refu kuliko mlango wangu, lakini anapika kama alivyojifunza jikoni kwangu: anachovya vidole viwili, anasugua, anajua kama uji umeiva au una madonge.

Siku hizi karatasi inagombaniwa. Maduka yameacha mifuko ya plastiki, kila muuza viatu anataka boksi, shule zinaongezeka. Kiwanda kimeleta na kufunga mashine ya pili, na wauzaji wa dawa za karatasi wanapishana getini na sampuli zao. Mmoja wao ndiye aliyeleta mapipa ya bluu. Dawa yake inazuia mfuko ulioloa usipasuke, nayo humiminwa kwenye tangi lile lile la wanga. Nilifurahi. Nilidhani kazi ya mwanangu sasa imeshika mizizi.

Kisha nikaanza kuona mambo. Chakula kimepoa, lakini yeye anajipuliza vidole. Akifunga vifungo vya blauzi, anatumia kidole cha pete na kile kidogo. Nikimuuliza, ananicheka. “Mama, wewe ukikosa la kuogopa utaenda kulinunua.”

Asubuhi moja alisahau chakula chake. Nikamfuata nacho, nikitegemea kumwachia mlinzi, maana muda wa kuingia ulikuwa umepita. Nikamkuta bado yuko nje. Pale getini kuna kimashine cha kusoma vidole, na kisipokusoma huingii. Alikuwa anabonyeza, anafuta kidole kwenye sketi, anabonyeza tena. Taa nyekundu.

“Mama Uji, leo mashine imekukana,” mlinzi akasema. “Umeazima vidole vya nani?”

Waliokuwa nyuma yake wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nikaudaka mkono wake kabla hajauficha. Ncha za vile vidole viwili zilikuwa laini, zinang'aa kama ganda la kitunguu. Ile mistari tunayozaliwa nayo haikuwepo.

Nikamuuliza glavu ziko wapi. Akasema wamepewa, lakini ukizivaa huyahisi madonge.

“Ile dawa haiwashi, mama. Ingekuwa mbaya si ingewasha?”

Hilo ndilo lililonitisha. Kinachowasha mtu hukikimbia.

Mlinzi alimfungulia mwenyewe, akamwonya kuwa safari nyingine atamrudisha nyumbani. Binti yangu akaninong'oneza nisimwambie msimamizi neno lolote. “Wanaoitaka nafasi yangu wamekaa pale ukutani wakisubiri kuitwa, mama. Waone.”

Niliwaona. Nilisimama pale na bakuli lake mkononi, nikijua kwamba nikinyamaza vidole vitakwisha, na nikisema kazi itakwenda. Msimamizi alipofika nilimwambia yote.

Hakugomba. Alimwita binti yangu, akautazama ule mkono, akamhamishia kwenye kufunga marobota ya karatasi mpaka ngozi irudi. Ikirudi, akasema, atalirudia tangi lake, na glavu hazivuliwi. Isiporudi hakusema itakuwaje, nami sikuthubutu kuuliza. Kabla ya mchana msichana mmoja aliitwa kutoka pale ukutani akashike tangi.

Tangu siku hiyo binti yangu ananisalimia tu. Shikamoo, basi. Anakula amenipa mgongo. Daktari wa zahanati alimpa mafuta ya kupaka, akasema ngozi ina taratibu zake, tusubiri. Mimi na kusubiri hatujawahi kupatana.

Kila asubuhi akishakunywa chai na kuondoka, nainyanyua glasi yake kwa kitambaa, naipeleka dirishani, natafuta alama za vile vidole viwili. Jana niliona kamstari kamoja. Nikaifuta glasi, nikaitazama tena, na kamstari kalikuwa bado kapo. Ulikuwa mkwaruzo wa glasi.