Mapazia ya Chumba cha Mama

Nyumba yangu ya Karatu niliijenga kwa kuiga, sioni haya kusema. Kazi yangu ni kutandika vitanda katika hoteli ya watalii huko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na kule kila chumba kina dirisha kubwa, kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Nikasema na mimi nitakuwa nalo. Fundi akaniuliza, "Mama, una hakika? Huku baridi ya Julai si mchezo." Nikamwambia ashike lake. Akajenga, na majirani wakawa wanasimama barabarani kutazama vioo. Nilichosahau kuiga ni mahali pa kuwashia moto. Wageni wana kuni zinazowaka chumbani na chupa ya maji moto miguuni. Mimi nilikuwa na vioo tu.

Masika yalipoisha nilimchukua mama kutoka Mbulu. Kifua chake kilikuwa kibaya na kule alikuwa amebaki peke yake. Nikampa chumba kizuri kuliko vyote, dirisha lake linatazama msitu. Basi ukungu ukaanza kushuka, na baridi ya Juni ikaingia nao. Mama akawa analala na sweta, kilemba na soksi. Asubuhi vioo vilikuwa vinatoka jasho, maji yanachuruzika mpaka kwenye godoro. Kikohozi kikarudi. Siku moja akaniambia bila kupepesa macho, "Mwanangu, nyumba yako nzuri, lakini humu ndani nalala nje. Tukishavuna mahindi, nirudishe Mbulu."

Nilikasirika, jamani! Arudi kwa nani? Nani amchemshie maji, nani asikie akikohoa? Niligombeza kila kitu siku ile, mpaka kuku. Kumbe ilikuwa hofu tu. Nilijua akirudi kule, baridi nyingine ikija nitapigiwa simu.

Nikakimbilia sokoni, nikanunua pazia zito la maua, nikalitundika kwa majivuno. Mama akainama, akaweka mkono chini yake. "Njoo ushike mwenyewe," akasema. Nikashika. Baridi ilikuwa inamwagika pale chini na pazia linapepea juu yake.

Kazini nikamweleza mwenzangu wa chumba cha kufulia, mama wa Kimaasai kutoka Kakesio ambaye ndiye mshonaji wetu. Mapazia yote ya wageni yamepita mikononi mwake. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kila jioni unawashushia wageni mapazia yale manene, halafu mama yako unamtundikia khanga?"

"Si khanga, ni pazia."

"Ni khanga." Kisha akaniuliza, kwa upole sasa, "Yeyo anakohoa sana?" Yeyo ni mama kwa lugha yao. Machozi yalinitoka juu ya mashuka ya watu.

Siku yake ya mapumziko akashuka mpaka kwangu na cherehani yake ya mkono. Habari ya malipo hakutaka kuisikia, alitaka chai yenye maziwa mengi, basi. Mama akatoa blanketi lake kuukuu, likashonwa katikati ya vitambaa viwili. Mgeni wangu akapima mpaka pazia likagusa ukuta kila upande, akatia fito chini ili livutike. Pembeni tukapigilia mbao nyembamba, pazia lishuke nyuma yake na upepo ukose pa kupenya. "Hewa ikitulia hapo kwenye kioo, haimsumbui mtu," alisema. Mchana likunjwe juu, jua liingie na vioo vifutwe. Jua likianza kuinama lishushwe, joto lisije likatoroka. Mama alimbishia kila mshono. Niliwasikia wakicheka, huyu na Kiswahili chenye lafudhi yetu ya Kiiraqw, yule na cha Kimaasai, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya yule mwanamke, hata kama pazia lingekuwa bure.

Kikohozi hakikuisha kesho yake, tusidanganyane. Lakini soksi zilivuliwa, kisha kilemba. Mahindi yakakauka, tukavuna, tukapukuchua. Nilikuwa nasubiri aitaje Mbulu, na kila akifungua mdomo moyo unanipasuka.

Halafu asubuhi moja nikakuta jiko limepoa. Mama ndiye anayewasha moto wa chai kabla sijaamka, na jua lilikuwa limeshapanda. Nikaita. Nikaita tena. Nikasukuma mlango wake. Ndani giza totoro, pazia bado limeshuka, mama kalala ubavu, hatikisiki. Mungu wangu! Nikamsogelea, nikamwekea kiganja shavuni. Lilikuwa na joto zuri la usingizi.

Akafungua jicho moja. "Wewe mtoto umelelewa wapi? Funga huo mlango, unaniingizia baridi nyumbani kwangu."

Tangu aje hakuwahi kupaita hivyo. Nikafunga mlango, nikaenda kuwasha moto wa chai mwenyewe, nikilia kwa sauti bila aibu.