Pilipili katika Hati ya Mfalme

Na itangazwe nchi nzima: saa nne asubuhi, mbele ya lango la monasteri ya Debre Tihut katika nyanda za juu za Gojam, ameketi mtu anayewajua watawa wa karne za kati kuliko yeyote aliye hai. Wafalme waliokwisha kuzikwa wangefufuka kumpisha njia. Mlinzi wa lango hajafikia hatua hiyo. Amemwambia asogeze kreti yake ya soda, inawazibia njia punda wa maji.

Dakta Wubalem Tarekegn, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anasogea. Mwanamke havuki lango hili, kwa hiyo vitabu humfuata nje. Amefanya kazi hivyo kwa miaka ishirini na miwili, kwenye malango ya monasteri arobaini na moja.

"Watu hunionea huruma," anasema akitafuna shayiri ya kukaanga. "Huruma ya nini? Wanaume wakiingia wanaoneshwa mazulia. Mimi naletewa vitabu."

Mama yake aliuza tela, pombe ya shayiri. Wateja wake walikuwa waimbaji wa kanisa, watu wanaobishana kuhusu watawa wa kale kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Mtoto alikuwa akiosha vikombe na kusikiliza. Alipofika miaka tisa alimsahihisha mlevi mmoja mwaka wa kufa kwa mtawa fulani, na mlevi akahama meza.

Leo chuo kinamlipa birr elfu kumi na nne kwa mwezi. Safari moja ya basi na nyumbu humlia elfu tatu. Hata hivyo ameshaorodhesha vitabu vya ngozi mia tatu na kumi na moja. Kimebaki kimoja tu, maisha ya mwanzilishi wa Debre Tihut, na kimo humo ndani. Amekisubiri miaka kumi na mmoja.

Kuna sharti. Debre Tihut na jirani zao wa monasteri ya Debre Hiruy wanagombania chemchemi ya bondeni, na hakimu anataka hati zao zisomwe na mtu anayejua. Abba Zerabruk, mkuu wa monasteri, ameahidi kwamba Dakta akiwasomea hati yao vizuri, kitabu kitatoka.

Injili ya kale inaletwa ikiwa imevikwa shuka. Hati imeandikwa kwenye kurasa zake za mwisho: mfalme wa miaka mia sita iliyopita anawapa watawa bonde na chemchemi, na wakulima wawaletee kila mwaka vikapu kumi vya pilipili nyekundu ya bondeni humo.

Dakta anarudia mstari huo mara mbili. Kisha anavua miwani.

"Abba, mfalme huyo hakuiandika hati hii."

"Jina lake si hilo hapo?"

"Jina naliona. Naiona na pilipili."

"Pilipili ina kosa gani?"

"Enzi zake haikuwapo. Ilitoka ng'ambo ya bahari kuu, ikatufikia zaidi ya miaka mia moja baada ya yeye kufa. Aliyeiandika ni mtawa mwenzenu wa juzijuzi tu, miaka mia mbili hivi iliyopita. Alijua kughushi kila kitu, ila hakuweza kuiwaza nchi hii bila pilipili."

Watawa wanatazamana. Anayeuliza ni mpishi, Abba Tekeste, ambaye kila siku hupika shiro, mchuzi wa unga wa dengu uliokolea wekundu wa pilipili.

"Kwa hiyo mfalme alikula shiro nyeupe?"

"Nyeupe kabisa, Abba."

"Kama mgonjwa! Mfalme mzima!"

Abba Zerabruk hacheki. Anainama karibu na kreti. "Binti yangu, sema tu kwamba huna hakika. Neno moja. Kitabu chako kipo nyuma ya mlango huu, tumeshakifuta vumbi."

Dakta anautazama mlango. Anairudisha shayiri mfukoni.

"Nina hakika, Abba."

Siku hiyo kitabu hakitoki. Dakta anawaomba wote waliopo wanyamaze mpaka atakapomwandikia hakimu, na wote wanaapa.

Siku mbili baadaye, watawa saba wa Debre Hiruy wanapanda mlima wakiimba. "Tumekuja kuonja shiro ya mfalme!" anapaza sauti mkuu wao, Abba Minasse. Kwapani ana Injili yao, imefungwa kwa hariri. "Dakta, soma na yetu. Ya kweli. Tumalize leo leo."

Dakta anasoma. Midomo inaanza kumcheza.

"Abba Minasse, hongera. Nyinyi mfalme aliwapa vikapu kumi na viwili."

"Vya nini?" anauliza Abba Zerabruk, ambaye tayari ameshika mbavu.

"Vya pilipili, Abba. Na mwandiko ni uleule. Mtu mmoja aliwaandikia nyote."

Abba Zerabruk anacheka mpaka anapigwa mgongo na Abba Minasse, adui wa miaka thelathini. Kabla ya adhuhuri wamekubaliana kugawana siku za maji. Kisha Abba Zerabruk anamtuma Abba Tekeste ndani. "Mletee kitabu chake. Kama hakutupendelea sisi wala wao, basi hata kwa mwanzilishi wetu hatazua uongo."

Orodha ya Dakta itachapishwa mwakani. Baada ya hapo atawaleta wanafunzi wanne wa kike wa wilaya hii, wakae langoni mpaka waweze kusoma hati na kuikamata ikidanganya.

Limebaki swali moja, naye analiuliza huku akifunua ukurasa wa kwanza, bila kuinua macho.

"Nani alipeleka habari Debre Hiruy? Watawa waliapa. Mlinzi haongei na mtu. Anabaki huyu anayeandikaandika hapa tangu Jumanne."

Mwandishi wa makala haya anaelekeza macho kwa punda.

"Mwanangu, mimi huwakamata waongo waliokufa miaka mia mbili iliyopita. Wewe bado unapumua."

Basi na iandikwe: ni mimi. Nilishuka bondeni mbio, nikawasimulia watu wa Debre Hiruy kila kitu, tena kwa kuigiza sauti ya Abba Zerabruk. Walinishangilia. Niliirudia mara tatu.