Pikapu Iliyombeba Baba Mkwe

Mimi ni fundi wa magari hapa Bujumbura, na juzi niliaibika mbele ya jeneza. Kwa kupenda mbio, nilikuwa nimechonga kichwa cha injini ya pikapu yangu ili ibane zaidi na kupata nguvu. Injini ya namna hiyo inataka petroli kali, lakini mimi niliinywesha ile ya kawaida ya kituoni. Baba mkwe alipofariki, nilijigamba mbele ya wafiwa: "Baba nitamubeba mi mwenyewe."

Tulipoanza kupanda mlima baada ya Musaga, injini iligonga kama nyundo juu ya bati, ikafuka moshi, ikazima. Msafara wote ukasimama.

"Ni esansi mbaya," nikamwambia mama mkwe, nikiisingizia petroli.

Akayatazama magari yaliyotufuata. "Mukwe wangu, tulijaza wote pale pale. Mbona zao zinatembea?"

Mke wangu akanigeukia, macho yamemvimba kwa kilio. "Sema kweli. Uliifanya nini?"

"Niliichonga," nikasema, "nishinde wenzangu mbio."

Wanaume walikuwa wanamhamishia marehemu kwenye gari lingine. Nilisogea nishike jeneza, lakini shemeji yangu akasema taratibu, "Apana. Wacha tu."