Sahani Zilizokataa Kufunguka

Kuna nyumba moja kule Kabuta ambako nikipita na kinga yangu, baiskeli ya kazi, watoto wananiita Ba Sahani, na mimi naitika, sibishani nao, maana aibu niliyoipata pale ni ya halali yangu, hakuna aliyenisaidia.

Nilikuwa nimemupenda Chanda, binti wa wenyeji wa huku (mimi wazazi wangu walivuka ziwa kutoka Kongo), na desturi ya kwao ni kwamba kijana haendi mwenyewe kusema anapenda. Anatuma mushenga, wanamuita shibukombe, naye anapeleka zawadi ndogo katikati ya sahani mbili zilizofunikana. Wakifunua na kupokea, umekubaliwa. Wasipofunua, tafuta kwingine. Na kabla ya hapo mama-mukwe hapaswi kuona hata kivuli chako.

Mutu mwenye akili angenunua sahani sokoni. Mimi nafanya kazi katika atelye ya Papa Ilunga, Nchelenge, tunachonga vyuma vya injini za mitumbwi, basi nikasema za kwangu nitazitengeneza mwenyewe, za alumini, nyembamba, midomo imenyooka kuliko ziwa lisilo na upepo. Sasa chuma chembamba kina unafiki wake: kikibanwa kwenye mashine kinanyooka kama mukristo siku ya Jumapili, unakikata, kinang'aa, unafurahi, ukikiachia tu kinarudi kwenye kupinda kwake (zile mbili za kwanza Papa Ilunga ananyweshea kuku). Ndipo nikajifunza kubana kwa huruma, kukata kidogo upande huu, kugeuza, kidogo upande ule, na mwisho kusugua juu ya kioo kinene mpaka karatasi ya sigara ikakosa pa kupita. Nikaweka ushanga katika shimo la katikati, nikapaka midomo tone la mafuta ya mashine ili ing'ae zaidi, nikafunika.

"Jeannot," Papa Ilunga akaniambia, "midomo iliyonyooka hivyo ikipata mafuta inanatana, haivutwi, inatelezeshwa pembeni."

"Ndiyo, Papa," nikajibu, lakini kichwa kilikuwa kwa Chanda, na Tonton Faustin, kaka ya mama, aliyekuwa shibukombe wangu, sikumuambia kitu.

Siku yenyewe nilipaswa kukaa nyumbani. Nikajificha nyuma ya ukuta wao wa matete, nachungulia. Tonton akapiga magoti, akahutubia vizuri kabisa, akatoa sahani. Kambo yake Chanda, yaani bibi yake, mwenye neno la mwisho pale, akavuta ile ya juu. Akavuta tena.

"Faustin, ndani kuna mutu anashikilia?"

Tonton, ambaye ukweli haujawahi kumuchelewesha kusema, akakohoa. "Mama, ni ishara. Ndoa za kwetu haziachani."

"Hii haijaanza na imeshafunga mulango."

Bashi Chanda, baba yake, akavuta mpaka jasho, kisha akaomba kisu cha kupasulia samaki. Kisu kikazunguka mudomo wote, hakikupata pa kuingia, na mimi kule nyuma, nawaapia, nikatabasamu kama mutu anayesifiwa.

"Labda wamekuja kutufunga kwa dawa," shangazi mumoja akasema, akasogeza kiti chake mbali.

Mama yake Chanda akasema polepole, "Basi, zirudi kama zilivyokuja."

Nikamuona Chanda anainamisha kichwa. Mutu mwenye mapenzi angetokea hapo. Mimi nilibaki kwenye matete. Ila Bashi Chanda akasema, "Hapana, leteni nyundo," na nikashtuka niko katikati ya kiwanja chao, nimepita ndani ya ukuta, matete kwenye nywele.

"Musipige, Baba, mutazipinda."

Mama-mukwe akajifunika kitenge kichwa kizima, akageukia ukutani. Tonton akawa anaangalia ziwa kama hanijui. Nikachukua sahani, nikasukuma ya juu pembeni, ikateleza kama dirisha, ushanga huo hapo. Nikainua kifuniko kwenye jua, jicho moja nimefumba, nione kama kisu kimeacha alama.

"Kijana," kambo akauliza, "umevunja ukuta wetu kwa sababu ya Chanda ama kwa sababu ya sahani?"

"Ngoja kidogo, kambo," nikasema, jicho bado limefumba.

Chanda alicheka mpaka akakaa chini. Kambo akamuangalia, akaokota ushanga, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Huu unabaki, maana mutoto wetu amecheka. Sahani rudi nazo, ukalale nazo. Na kesho uje na matete."

Ukuta niliujenga, mama-mukwe akinisemesha kupitia mulango uliofungwa, mpaka leo ni hivyo. Nimejifunza: chuma kinyooshe utakavyo, lakini kati yako na wakwe acha nafasi ya kuingiza ukucha. Siku ya mahari mimi nitalala ndani kwetu nyumbani, na Tonton atabeba bakuli la plastiki lenye mufuniko uliolegea.