Chewa wa Bi Rukia

Ottilia alizaliwa Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na samaki aliwajua kwa vidole. Akibonyeza tumbo na kufunua shavu, basi, ameshajua yule kalala wavuni usiku kucha au kavuliwa alfajiri. Mgahawa wake hapa Mbinga mjini ulijaa kwa sababu hiyohiyo, na wachuuzi wa mbasa, samaki wa ziwani, walimwogopa kuliko bwana afya. Ila samaki hao wote walikuwa wamekufa. Samaki aliye hai, wa kukaa ndani ya nyumba ya mtu, alikuwa hajawahi kumchagua.

Aliyemtia kwenye kazi hiyo ni jirani yake Bi Rukia, mama mtu mzima wa Kilwa aliyeletwa Mbinga na biashara ya mume wake. Mume mwenyewe, mzee Adinani, aliweka tangi la kioo sebuleni, urefu wake kama kitanda cha mtoto, maji yakachanganywa chumvi maalumu mpaka yakawa ya bahari kabisa. Watu walimcheka: ziwa zima liko chini hapo Mbamba Bay, yeye anajitengenezea bahari ndani. Hakuwajali. Alimtengenezea mke wake, na kabla hajafariki alimletea samaki wawili wadogo, rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe. Mzee akaenda, wale wawili wakabaki. Bi Rukia, miguu imeshamgomea, alikaa mbele ya kioo kutwa nzima, ungedhani anaangalia tamthilia.

Ikatokea Ottilia ana safari ya Mtwara, binti yake Jacqueline amejifungua. Bi Rukia akamwomba amletee samaki mmoja wa kuwachangamsha wale wawili.

"Asizidi kidole changu hiki cha kati, mwanangu. Tangi lenyewe dogo."

Sharti hilo lilimkera Ottilia. Kwao Ngumbo, kumpelekea mtu mzima samaki wa kidole ni kumtukana. Unabeba mbasa ambaye mkia unatoka nje ya kikapu, watu njiani waone. Lakini kaagizwa kidole, atafanyaje. Alikata kijiti cha urefu ule akakitia kwenye pochi.

Kule Mtwara mvuvi mmoja anayeuza samaki hai alimwonyesha mabeseni mawili. La kwanza lilikuwa na vidogo vya njano, vyembamba, kama majani ya kahawa yaliyozeeka. La pili lilikuwa na mmoja tu, kahawia mwenye madoa, kichwa kipana, mdomo mpana, kajaa. Ottilia akampimia kijiti: sawasawa kabisa. Akamchukua huyo. Angalau huyu, alijisemea, ana mwili wa kumpa mtu.

Swali moja hakuliuliza, na hakuliuliza kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kulihitaji: huyu akikua anafikia wapi? Samaki wa sokoni hakui. Ukimnunua wa kilo, atabaki wa kilo mpaka mafuta yachemke.

Alimpakata ndani ya ndoo, kwenye mfuko uliojazwa hewa, kutoka Mtwara mpaka Songea, na kutoka Songea kupita Kitai mpaka Mbinga, na usingizi hakuupata. Alipiga shikamoo mlangoni, akafungua ndoo. Bi Rukia alichungulia, akamtazama samaki kuanzia kichwa mpaka mkia.

"Ahsante sana, mwanangu," alisema. "Mzuri huyu. Umenibebea kweli."

Samaki akala. Jamani, alikula. Bi Rukia alimpa dagaa asubuhi, mchana na jioni, mpaka Ottilia akatania kwamba mteja wa namna hiyo angemfungia mgahawa. Kabla mwaka haujageuka alikuwa amepita kiganja, anageuka ndani ya tangi kwa taabu kama lori kwenye uchochoro. Lakini kila Bi Rukia alipoweka kidole kwenye kioo alikuja, na mama wa watu alicheka. Ottilia alijiona kafanya la maana.

Asubuhi moja akapeleka uji, akakuta samaki wa chungwa yuko mmoja.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Alikufa. Nimemtoa."

Ottilia aliinama kwenye kioo. Tumbo la yule mkubwa alilielewa mara moja. Kwa matumbo ya samaki hakuna wa kumdanganya. Alikimbilia jikoni, akaja na chujio la plastiki, akamfungia mdogo humo pembeni mwa tangi. Mdogo akalala chini. Hakula siku hiyo wala iliyofuata, na mkubwa akawa analigonga chujio kwa pua.

"Bi Rukia, balaa hili nimekuletea mimi," Ottilia alisema. Alitaka kulia, na aliona aibu kulia kwa ajili ya samaki. "Sikujua angekuwa hivi."

"Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Huyo chewa. Mtu wa Kilwa nitakosaje kumjua chewa? Akiachwa anafika ukubwa wa kumshinda mtu kumbeba. Nilimjua ulipofungua ndoo."

Ottilia alikaa kitako sakafuni. "Sasa mbona hukusema?"

"Ulimpakata toka Mtwara, Ottilia. Ningekwambia umrudishe? Nikasema nitamlisha ashibe, asiwatazame wenzake."

Hapo Ottilia alikasirika, na hakuficha. "Ungeniambia. Ningenuna siku mbili, yakaisha. Sasa samaki wa mzee kaliwa kwa sababu ya adabu zetu."

Ziwani chewa asingeishi, maji baridi yangemuua. Ottilia aliulizia mpaka Songea kama kuna mwenye tangi kubwa la maji ya chumvi, hakupata. Bi Rukia akaweka kidole kwenye kioo, na chewa akaja kama kawaida yake.

"Huyu umeniletea wewe," alisema, "na wewe upo, utaniletea mwingine. Yule mdogo kaletwa na Adinani, naye hawezi tena kuniletea." Akaondoa kidole. "Mtoe. Nazi ninayo."

Samaki Ottilia amewapika hata hesabu hana, lakini kwa huyu alinoa kisu mara mbili kabla hajaanza. Walimla kwa wali, wawili tu, na kichwa Bi Rukia akampa yeye. Walipomaliza, Ottilia aliondoa chujio. Mdogo alikaa palepale hadi jioni, kisha akatoka.

Mwaka uliofuata safari ya Mtwara ilirudi, na Ottilia akaja na kijiti chake kupima kidole.

"Na mara hii uulize anakua kiasi gani," alisema Bi Rukia.

"Na nikikosea tena?"

"Nitakwambia hapohapo mlangoni, kabla hujavua viatu."