Jani la Kupeleka Magomeni

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani Kariakoo, nyuma ya Msimbazi, nikasimama palipokuwa na nyumba yetu. Sasa ni ghorofa la maduka ya vitenge. Mlangoni wameweka vyungu viwili vya majani marefu ya kijani, na mtu yeyote angeapa kwamba ni mmea mmoja. Niliinama nikachunguza mashina mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. La kulia lilikuwa sale, la kushoto halikuwa. Sikujua nianzie wapi kumweleza. Wacha nikusimulie wewe.

Enzi zile za Ujamaa tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, ua mmoja, bomba moja, wapangaji wa kila pembe ya nchi. Baba alikuwa Mchaga, mfanyakazi wa bandarini. Mama ni mtu wa Lindi. Ua ule haukujua kutulia: huyu anatwanga, yule anakimbilia foleni ya sukari, mwingine anakuna nazi huku anagombana na wanawe. Jirani yetu wa chumba cha mbele alifanya usafi kwenye majumba ya Upanga. Huko alipewa vipande vya maua, akavipanda kwenye makopo na madebe yaliyotoboka, akayapanga ukutani.

Nilipokuwa darasa la tatu, bibi mzaa baba alishuka kutoka Kilimanjaro kuja kutibiwa macho. Mji ulimchosha, ila asubuhi alipenda kwenda kupapasa makopo yale. Jirani alisema mimea miwili ya pembeni ni aina moja. Bibi akatikisa kichwa, akaushika mkono wangu. Jani hili, akasema, lina kikonyo, limesimama mbali na shina kama upawa kwenye mpini wake. Hili jingine halina, limelikumbatia shina lenyewe. Kisha akafukua udongo kwa kidole na kukwaruza mizizi kwa ukucha. Wa kwanza ulikuwa mweupe ndani, wa pili rangi ya chungwa.

Huu wa pili ndio sale, akaniambia. Kwao, aliyekosa akija kwako na jani la sale, humfukuzi. Alinirudisha kwenye makopo kila siku, mpaka nikaweza kuyatofautisha nimefumba macho.

Jioni moja akaja baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na nyumba yake Magomeni. Alisema mama yake hawezi kuachwa katika ua wa watu baki, akilishwa vyakula vya nazi asivyovijua. Mama alisikia, akaingia ndani. Baba akamjibu kaka yake kwamba yeye si baba yake, na asikanyage tena pale. Neno kama hilo, kwa kifungua mimba wa Kichaga, ni zito. Baba mkubwa akaondoka na bibi saa ile ile.

Baadaye baba alikwenda Magomeni, mlango haukufunguliwa. Tangu hapo hapakukalika naye. Alikula amesimama. Alitoka chumbani akaenda bombani, akarudi, akatoka tena, na sisi watoto tukawa tunashtuka kila akipita.

Jumapili moja mama alichoka. Nilimkuta kwenye makopo, ameshakata jani na kulifunika kwa khanga.

"Mama, hilo silo," nikamwambia.

"Majani yote haya mamoja."

"Ukimpelekea hilo, baba mkubwa atadhani tunamfanyia mzaha."

Jirani naye akamuunga mkono mama. Nikafukua udongo, nikakwaruza mizizi, nikawaonyesha ile rangi ya chungwa. Mama akatupa jani la kwanza, akakata la pili. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa baba na kumtilia mkononi.

"Wewe ndiye uliyedharauliwa," baba akasema, "na wewe ndiye unayenituma kwake?"

"Nakutuma kwa sababu siwezi kuishi na mtu asiyekaa."

Enzi zile Jumapili mchana magari yalikuwa yamekatazwa kutembea ili kubana mafuta, kwa hiyo tulivuka Jangwani kwa miguu, baba, mama na mimi, jua likituchoma utosini. Baba alikuwa akilihamisha jani mkono huu na huu lisinyauke kwa jasho.

Mimi ndiye niliyebisha hodi. Baba mkubwa alifungua, nikamwamkia shikamoo. Hakujibu. Alikuwa anatazama mkono wa baba. Akalichukua jani, akaligeuza, akapitisha kidole gumba pale lilipotoka kwenye shina.

"Ni lenyewe," akasema. "Mmelipata wapi mjini humu?"

Baba akamwambia kwamba mtoto ndiye anayelijua.

"Marahaba, mwanangu," akaniambia. "Ingieni."

Bibi hakuwepo. Alikuwa amegoma kula katika nyumba ambayo wanawe hawasemezani, na baba mkubwa alikuwa amempakia kwenye basi la Moshi siku chache kabla. Baba akaketi sakafuni palepale, akalia. Baba mkubwa alimwangalia, kisha akamgeukia mama. "Shemeji, nisamehe," akasema, na chakula kilipokuja sahani ya kwanza alimpa yeye.

Wiki iliyofuata ndugu wale walipanda basi moja. Walimkuta bibi nje ya nyumba yake, macho yamekwisha kabisa. Kabla hawajasalimia alisema anasikia miguu ya watu wawili. Hakushuka tena Dar. Alifariki kabla sijamaliza shule.

Wote wale wamekwenda. Ua umekwenda, na bomba, na zile kelele zilizotunyima usingizi na ambazo sasa nazitafuta nisizipate. Watoto wa baba mkubwa wapo hapa hapa mjini, tena wawili kati yao hawaongei mwaka wa ngapi huu. Nimewaza mara nyingi kuwaendea. Lakini nikimpelekea mmoja jani kwa niaba ya mwenzake, najua atalitia kwenye chombo cha maji, atalisogeza dirishani, na kunishukuru kwa ua zuri.