Mguu wa Kaluki na Mtambo wa Kodi

Nikisema Kaluki ni mpole, watu wa ploti yetu hapa Uthiru watanicheka. Kaluki hana simile. Lakini cha mtu hachukui, na chake haachi. Hupokea simu katika ofisi ya mawakili mjini. Nyoka alimuuma akiwa mtoto kule Mwingi, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Huu wa bandia alio nao umezeeka na kulegea. Unamsugua kigutu hadi kinatoka damu, na jioni nikiwa jikoni kwangu namsikia akiuvua huku akitukana kwa Kikamba.

Sheria inasema mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa asikatwe kodi kwa mshahara kama wake. Cheti anacho. Mwajiri akamkata tu, miaka miwili, kwa uzembe. Kaluki akaomba arudishiwe, na mwezi wa tano ujumbe ukaingia kwenye simu: ombi limekubaliwa. Pesa hizo zilitosha mguu mpya. Fundi wa miguu karibu na Adams Arcade akampima wiki hiyohiyo.

Sasa, kanisani sisi kina mama tulikuwa tumeshapanga harambee ya kuchangia mguu huo, hata kadi zimechapishwa. Jumapili Kaluki akasimama.

"Bwana asifiwe! Mguu nitajinunulia na pesa yangu. Hiyo harambee mpatie Peres, nyumba yake imechomeka."

Tukapiga makofi. Peres akalia, mabati yakanunuliwa. Ndivyo tulivyo watu wa harambee: mtu akisema Mungu amemjalia, nani atamwuliza mara mbili?

Mwezi wa saba mtambo wa kodi, ule wa kompyuta, ukabadilishwa. Kaluki akafungua akaunti yake akakuta msamaha wake wa kodi umefutika, na zile pesa zilizokubaliwa hazipo. Juu ya hayo, eti yeye ndiye anayedaiwa! Nilisoma mwenyewe kwenye simu yake.

Nilimsindikiza mjini, ofisi ya kodi. Tulipanga foleni hadi tukafika kwa bwana mmoja mwenye tai, kitambulisho chake kikisema Tobias.

"Madam, sistimu haioni cheti yako."

"Cheti ndio hii hapa. Bado haijaisha."

"Mimi naiona. Sistimu ndio haioni. Itabidi uanze upya. Enda hospitali, daktari aandike kama ulemavu bado iko."

"Kama bado iko?"

"Eeh, madam. Kuna wenye hupona."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumwuliza kama kwao miguu huchipuka kama sukuma wiki, lakini Kaluki hakuniachia nafasi. Alikaa kitini, akapandisha sketi kidogo, akafungua mikanda, akauweka ule mguu juu ya kaunta, na kiatu chake.

"Haya. Onyesha sistimu."

Ukumbi mzima ukageuka kutazama. Tobias akasogeza kiti nyuma, akautazama mguu, akatazama kompyuta yake.

"Madam, tafadhali. Hiyo hatuna mahali ya kuweka."

"Basi kaa nayo. Ukiipatia mahali, unipigie."

Akanishika bega tukaondoka, yeye akiruka kwa mguu mmoja, mimi nimevimba kwa hasira na kwa fahari pia, sifichi. Watu walitupisha. Mlinzi akatufungulia mlango. Nje kulikuwa na ngazi, na baada ya ngazi barabara, na Uthiru si hapo karibu. Kaluki akasimama. Nilihisi vidole vyake vikinibana bega.

"Joyline," akasema, "nirudishe. Sina ingine."

Tukarudi. Mguu ulikuwa palepale juu ya kaunta, hakuna aliyeugusa. Akauvaa mbele yao wote, mkanda baada ya mkanda, na wale waliokuwa wakimkodolea macho sasa wakatazama simu zao. Alipomaliza akashusha sketi, akamwuliza Tobias fomu ya daktari inachukuliwa dirisha gani.